Kupanga Nyumba Nako ni Elimu, Tusiwanyime Vijana



Ndugu msomaji, likizo ya Disemba iliyopita alinijia mzee mmoja baada ya sala ya Alasiri, mkononi kashika boksi la tende lililokatwakatwa. "Maalim," akaniambia, "mimi mwanangu nimemleta hapa asome dini yake. Nimemkuta nyumbani anakata vitanda vya karatasi. Kupanga makochi, mama yake anajua bila ya kusomea." Nikamkaribisha tukae barazani. Nilimjibu maneno machache ambayo hata mimi mwenyewe hayakuniridhisha, naye akashukuru kwa adabu na kwenda zake. Makala haya ndiyo jawabu niliyopaswa kumpa siku ile.

Wengi wenu mnajua kilichokuwa kikifanyika. Kwa wiki tatu za likizo ile, madrasa yetu hapa Unguja iliweka warsha ya usanifu wa ndani ya nyumba kwa wanafunzi wetu wanaosoma skuli za sekondari, kuanzia Kidato cha Tatu, pamoja na wale waliomaliza mtihani wa Kidato cha Nne mwezi wa Novemba na wakawa wanasubiri matokeo. Wasichana walikuwa na siku zao na wavulana siku zao, asubuhi mpaka adhana ya Adhuhuri. Mwalimu wao ni binti aliyesoma Qur-ani katika vyumba vyetu hivi hivi, kisha akaenda Dar es Salaam kusomea fani hiyo Chuo Kikuu cha Ardhi, ambako inatolewa kwa daraja la shahada.

Hapa inanipasa niseme kosa langu. Binti huyu alitujia mara ya kwanza mwaka mmoja kabla ya hapo, akajitolea kufundisha bila ya malipo, na mimi ndiye niliyemwambia asubiri. Nilidhani ni mambo ya mapazia. Vijana waliomaliza mwaka ule walikaa barazani miezi mingi wakingojea nafasi za Kidato cha Tano, na baadhi yao hawakuzipata. Ningeweza kuwapa wiki tatu za kitu cha maana, sikuwapa.

Watu wakisikia usanifu wa ndani ya nyumba, picha inayowajia ni makochi yenye nakshi za dhahabu, dari la jipsamu lenye taa za rangi, na maua ya plastiki juu ya meza ya kioo. Hayo ni mapambo, na mapambo ni sehemu ndogo, tena ya mwisho. Fani yenyewe inauliza masuali ya kawaida kabisa. Anayekaa humu ni nani? Anaingilia wapi, analala wapi, anasali wapi? Mgeni akija anakaa wapi bila ya kuwaona wenye nyumba? Mwanga wa saa nane mchana unatoka upande gani? Upepo ukiingia kwa dirisha hili unatokea wapi? Mlango ukifunguliwa unagonga nini? Mtu anaweza kuishi miaka thelathini ndani ya chumba asijiulize hata suali moja katika hayo, akabaki kulaumu joto.

Nchi nyengine zimeliona hili zamani. Marekani, vyuo vya sanaa kama Pratt kilichoko Brooklyn, New York, hupokea wanafunzi wa sekondari wakati wa likizo yao ya kiangazi na kuwafundisha usanifu wa ndani kwa wiki kadhaa. Sikusudii kuwapigia debe, na sisi hatuna vyombo vyao. Nililolipenda ni wakati wanaouchagua: kijana anaonjeshwa fani kabla ya kuamua asomee nini. Huku kwetu kijana anaamua kwanza, mara nyingi kwa kufuata rafiki yake, halafu ndipo anaulizia ile kitu ni nini.

Sasa niwaambieni tuliyoyaona. Siku ya kwanza kila mwanafunzi alipewa kazi moja tu: nenda nyumbani, pima chumba kimoja, rudi na vipimo. Futikamba zilikuwa nne kwa darasa zima, zikazunguka nyumba kwa nyumba. Siku ya pili wakafundishwa kuchora chumba kile kwa kipimo kidogo, kila mita 1 ya chumba iwe sentimita 2 za karatasi. Kisha wakakata vitanda, makabati na viti kwa kipimo hicho hicho, na hapo ndipo yalipotumika maboksi ya tende tuliyokuwa tumeyahifadhi tangu Ramadhani. Chumba cha kawaida cha futi 10 kwa 12 kina eneo la futi 120 za mraba. Kitanda cha tano kwa sita kina 30. Maana yake kitanda kimoja kimeshakula robo ya chumba, na vikiwa viwili, kama ilivyo katika nyumba zetu nyingi, nusu imekwisha kabla hujaingiza kabati, sanduku wala mkeka. Mwanafunzi mmoja ambaye skuli amekuwa akilia kila siku kwamba hesabu za uwiano hazina faida, aliziona faida zake pale, juu ya kipande cha boksi.

Halafu njia. Mtu mzima anahitaji kiasi cha sentimita 60 apite bila ya kujigeuza ubavu, na anayetembea kwa gari la magongo au kiti cha magurudumu anahitaji 90 hivi. Tulipowauliza wanafunzi nafasi waliyoiacha majumbani mwao baina ya kitanda na kabati, wengi walikuwa na chini ya 50. Halafu ukumbini. Karibu michoro yote ilikuwa na viti vilivyoelekezwa kwenye televisheni, vyote, bila ya hata kimoja kumuelekea mtu mwengine. Nisiseme zaidi, maana na ukumbi wangu ulikuwa hivyo hivyo.

Wiki ya pili walikwenda Mji Mkongwe. Watoto wetu hupita pale kila siku wakienda Darajani na Forodhani, na wageni hutoka mbali kuja kuutazama, kwani tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Lakini kupita si kusoma. Mwalimu aliwasimamisha ndani ya chumba kirefu chembamba akawauliza kwa nini kimejengwa hivyo. Wakajibu kila jawabu. Kumbe ni boriti. Dari limebebwa na boriti za mikoko, na mti wa mkoko unaofaa kwa kazi hiyo hauvuki sana mita 3, basi upana wa chumba ukafuata urefu wa mti, na aliyetaka nafasi zaidi akaongeza urefu. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi kwamba jua linapozipasha moto mchana, joto huchelewa kufika ndani. Ua ulioko katikati unatoa mwanga na hewa bila ya kumfungulia jirani dirisha. Na baraza ya nje ilimtosha mwenye nyumba kumpokea mtu kwa kahawa na mazungumzo bila ya kumpitisha ndani.

Aliwaonesha na picha za nyumba za zamani za Lamu, mji ulioingia katika orodha hiyo hiyo mwaka 2001. Nyumba zile zinaanzia kwenye daka, mlango hautazamani na vyumba, njia inapinda, ili aliyesimama nje hata mlango ukiwa wazi asione kinachoendelea. Kila unavyoingia ndivyo unavyokwenda palipo na faragha zaidi, mpaka chumba kiitwacho ndani, ambacho ukuta wake umejaa vidaka vya chokaa vilivyopangwa safu kwa safu. Wazee waliojenga vile hawakuwa na kompyuta. Walikuwa na suali moja mbele yao: sitara ya watu wa nyumba hii italindwa vipi?

Na hapo ndipo ninapotaka kumjibu yule mzee aliyeniambia kwamba mwanawe amekuja kusoma dini. Dini hii imeingia mpaka vyumbani mwetu. Katika Suratun Nur, aya ya 27, tumekatazwa kuingia nyumba za watu mpaka tuombe ruhusa na kuwasalimu wenyewe. Katika sura hiyo hiyo, aya ya 58, zimetajwa nyakati tatu ambazo hata watoto wa nyumba waombe ruhusa kabla ya kuingia: kabla ya sala ya Alfajiri, wakati wa mapumziko ya adhuhuri, na baada ya sala ya Isha. Wanafunzi wetu wanazihifadhi aya hizi kwa tajwidi nzuri. Lakini mtoto ataombaje ruhusa mlangoni katika nyumba ambayo chumba cha wazazi ndiyo njia ya kwendea chooni? Mtume wetu (S.A.W.) ameamrisha watoto watenganishwe katika malazi wafikapo miaka kumi. Mwenye vyumba viwili na watoto saba atatenganisha vipi? Wako wanaojua kuweka kabati likawa ukuta, kupachika pazia zito mahali panapofaa, kugeuza kitanda kimoja kikatazama upande mwengine. Huo ni ujuzi, na ni ujuzi unaomsaidia mtu kutekeleza amri.

Ipo pia hadithi mashuhuri katika Bukhari na Muslim, ya Bi Aisha (R.A.) aliyeweka chumbani mwake pazia lenye picha. Mtume (S.A.W.) hakulipenda. Pazia lile halikutupwa, lilikatwa likafanywa mito ya kuegemea. Nilipowasomea wanafunzi hadithi hii mwaka hata mwaka, nilikuwa nikisimama kwenye hukumu ya picha tu. Yule binti mwalimu ndiye aliyewatanabahisha, na mimi nikiwa nimekaa nyuma ya darasa, kwamba kitambaa kisichofaa mahali pamoja kilipata kazi pengine katika nyumba ile ile, pasi na kununua kipya.

Nakuja kwenye hoja ninayoiona kuwa nzito kuliko zote, na walioitoa si watu wa kupuuzwa. Akina mama wawili walinijia, kila mmoja kwa wakati wake, wakasema: Maalim, hamuoni kwamba mnawafundisha watoto israfu na kuwadharau wazazi wao? Mmoja binti yake alirudi nyumbani wiki ya kwanza akaanza kusema rangi hii mbaya, makochi haya makubwa, pazia hili halina maana. Mama akamjibu kwamba makochi hayo kayalipia kwa mchezo wa upatu wa miezi kumi. Nilipolisikia hilo nilisononeka, kwa sababu alikuwa na haki. Kijana akifunzwa kuona kasoro kabla ya kufunzwa kushukuru, tumemharibu.

Tulikaa na mwalimu siku hiyo hiyo, tukaweka sharti ambalo limebaki mpaka leo: katika warsha hii hakuna kununua kitu. Kila zoezi lifanywe kwa vilivyomo ndani ya nyumba, kwa kuhamisha, kutoa, kusafisha au kurekebisha. Atakayeleta mchoro wenye kochi jipya anarudishwa. Tuliwakumbusha hadithi aliyoipokea Jabir (R.A.) katika Sahihi Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) alihesabu matandiko yenye haja kuwa ni la mume, la mkewe na la mgeni, na lililozidi hapo akalinasibisha na shetani. Kwa sharti hili tukaona mambo mengine. Wanafunzi walianza kutoa vitu badala ya kuingiza. Msichana yule yule alirudi akasema wamehamisha kochi moja tu, lililokuwa limeziba dirisha la upande wa kaskazi, na sasa mama yake anakaa pale kusuka ukili kwa sababu pana upepo. Hakuitaja rangi tena.

Sitaki msomaji adhani kwamba kila kitu kilikwenda sawa. Nimtaje yule kijana wa boksi la tende, kwa idhini yake. Chumba alichochagua kupima kilikuwa cha bibi yake, mama mzaa baba, ambaye miguu inamsumbua. Alipopima nafasi baina ya kitanda na kabati kubwa, akapata sentimita 38. Bibi alikuwa akiamka usiku kwenda chooni, kiza kitupu, anapita ubavu, huku kashika mlango wa kabati ambao haufungi vizuri. Alikuwa ameshaanguka mara mbili mwaka ule. Nyumbani wakisema ni uzee.

Kijana akachora, akapanga vipande vyake vya boksi, na siku ya Ijumaa, bibi alipokuwa kwa bintiye, akamwita ndugu yake wakaligeuza chumba zima. Kabati likaenda ukuta wa nyuma, kitanda kikasogezwa karibu na mlango, njia ikawa pana ya kupita watu wawili. Alikuja kunisimulia kwa furaha. Jumapili alikuja amenyongea. Bibi aliporudi alisimama mlangoni, hakusema neno, kisha akaenda kulala kwenye mkeka ukumbini. Usiku wa pili vile vile.

Mwalimu alimuuliza suali moja: "Ulimuomba ruhusa?"

Hakuomba. Wala hakumuuliza kwa nini kitanda kilikuwa pale. Alipokwenda kumuuliza, akajua kwamba kwa miaka yote bibi akilala ubavu wa kulia humuona anayeingia ua wa nyumba kupitia dirishani, na humo humo husikia adhana ya Alfajiri ya msikiti wa mtaani. Kule alikohamishiwa anatazama ukuta. Basi wakapanga upya, safari hii bibi amekaa juu ya kiti anaelekeza kwa mkongojo. Kitanda kikarudi dirishani, ila kikageuzwa. Kabati likabaki ukuta wa nyuma. Swichi ya taa ikateremshwa na fundi umeme wa mtaani mpaka pale mkono wake unapofika akiwa kitandani. Njia sasa ni sentimita 84. Si 90, lakini bibi ameikubali na anaipita.

Nimelikumbuka jambo hili mara nyingi tangu wakati huo. Ile aya ya kuomba ruhusa nimeifundisha miaka kumi na mmoja, na sikuwahi kufikiri kwamba inamhusu mtu anayesogeza kitanda cha bibi yake kwa nia njema. Kijana yule hataisahau.

Kuhusu riziki nitasema kidogo. Wako wanaouliza kazi iko wapi. Tazameni hoteli za Nungwi na Paje, tazameni nyumba zinazojengwa Fuoni na Mbweni, majumba ya ghorofa yanayoinuka kila upande. Kila chumba kina mtu aliyeamua kitanda kikae wapi na taa ining'inie wapi. Mara nyingi si mtoto wetu. Mtoto wetu ndiye anayebeba kitanda. Si lazima wote wawe na shahada. Fani hii inamuhitaji seremala, mshona mapazia, mpaka rangi, fundi umeme, msuka mikeka, na vituo vya Mamlaka ya Mafunzo ya Amali kama Mwanakwerekwe na Mkokotoni vinafundisha baadhi ya kazi hizo. Seremala anayejua kuchora chumba kwa kipimo atapata kazi mbele ya asiyejua. Na kwa anayetaka kuendelea mpaka chuo kikuu, asilidharau somo la hesabu. Hili nalisema kwa wale wanaokimbia kipindi, nao wanajijua.

Kwa wazee wetu ombi langu ni hili. Mtoto akija nyumbani na futikamba, msimfukuze. Mwacheni apime, muulizeni anapima nini, na mkiona anataka kuhamisha kitu, mwambieni aanze na ruhusa. Na kwa wanafunzi, mtakapoingia nyumba za watu kwa mazoezi, msizungumze kasoro zake nje. Ukubwa wa chumba cha jirani ni amana kama ilivyo siri yake.

Yule mzee tumeshaonana mara kadhaa tangu hapo. Bado anasema kwamba hiyo si kazi ya kumlea mtu, na sijaweza kumgeuza. Ila wiki mbili zilizopita, baada ya Magharibi, alinivuta pembeni akaniuliza kama futikamba ya madrasa inaazimwa, kwani anataka kukigawa chumba cha watoto, wasichana wakae upande wao. Nimempa, kwa sharti airudishe kabla ya likizo ya Juni, maana zilizobaki ni tatu na majina ya wasichana yameshavuka ishirini.

Wabillahi tawfiq.